Mlango wa Nyuma kwa Shangazi

Rafiki yangu mmoja, fundi seremala, alikwenda mchana kupigilia mbao nyumba ya shangazi yake. Kimbunga baharini kilikuwa kimezidi nguvu ghafla, na mtaa mzima ulikuwa umeshahama. Alipomaliza mlango wa nyuma, akasikia mtu anagonga kutoka ndani, taratibu. Akapiga simu.

“Shangazi, nani amebaki ndani?”

“Hakuna, mwanangu! Sote tuko huku mlimani, hata paka. Ondoka!”

Kugonga kukaendelea, sasa chini kabisa mlangoni, kama mtoto. Hakuweza kuondoka. Nje kulikuwa kukavu, upepo haujaanza. Akang’oa msumari wa kwanza, na kwenye tundu lake yakafoka maji ya bahari.