Karibu Nyumbani, Rubani

Fundi wa Sauti alikuwa anakula chakula cha mchana mezani pake, hedifoni masikioni, aliposikia mtu anafagia.

Akazishusha shingoni. Ofisi ilikuwa kimya: feni za kompyuta tu, na Shemeji upande wa pili akigongagonga kibodi kama mtu aliyetukanwa nayo. Akazirudisha. Ufagio ulikuwepo bado, fyu, fyu, fyu, wa mtu asiye na haraka, ukitokea kwenye mji wa sayari ya tatu, mji ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuukanyaga kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa haujafunguliwa.

Sauti zote za mchezo ule alizitengeneza yeye. Ufagio hakutengeneza.

Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kurusha vyombo vya anga, na ulikuwa "unakaribia kukamilika" tangu Fundi ana nywele kichwani. Shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyeubuni, na ndiye aliyewatangazia wachezaji kila mara kwamba bado kidogo. Walijenga sayari, wakajenga miji, nyumba zina vitanda vilivyotandikwa na vikombe mezani. Kisha mitambo ikagoma, wakaahirisha. Wakaitengeneza, milango ikagoma, wakaahirisha tena. Fundi alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu kuwa ni msemaji wa msiba usiokwisha.

Kila wakiahirisha walituma zawadi ndogo ya kuwapoza watu. Mara ya mwisho walituma sauti ya Fundi mwenyewe, ile ya kwenye lango la mji, ili kila mchezaji aiweke imsalimu anapowasha kompyuta yake: "Karibu nyumbani, rubani. Usibishe hodi. Ingia, hapa ni kwako." Sauti alijaliwa. Sura ndiyo iliyomfanya achague kazi ya kutoonekana.

"Shem," aliita. "Nani kaweka ufagio kule mjini?"

Shemeji hakugeuka. "Wanafagia."

"Kina nani?"

"Wenyewe."

Fundi akacheka, maana Shemeji alikuwa mtu wa masihara. Akacheka peke yake.

Harufu ilifuata. Feni zilianza kutoa hewa ya nyumba iliyofungwa miaka, ya godoro lenye unyevu na chakula kilichosahauliwa chini ya sahani. Walizifungua kompyuta, ndani safi. Kila Shemeji alipojaribu kuifungua milango ya mji, seva ilizimika, na ilipowaka walikuta vikombe vyote kule, nyumba hadi nyumba, vimefunikwa kifudifudi, kama vikombe vya mtu aliyekwisha kunywa na kuosha.

Asubuhi moja mdogo wake akaja ofisini, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kaka, toka nje kidogo." Alinong'ona. "Mume wangu anafagia nyumba."

"Sasa unalia nini? Wifi yako siku nikishika ufagio atapiga vigelegele mpaka akauke koo."

"Usinichekeshe, kaka. Hafagii vumbi. Ananifuata nyuma, kila ninapokanyaga anapafagia, kama anafuta kwamba nimepita. Na jana nimerudi sokoni nikamkuta mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, 'Mgeni, umemtaka nani?'"

Fundi alitafuta mzaha wa kusema. Badala yake akatoa simu, akaulizia mtu wa kutoa majini.

Mtaalamu wa majini alikuja mchana: mama wa makamo, miwani ya kusomea, mkoba wa mkononi. Fundi alitegemea kitu cha kutisha zaidi. Mama aliketi kando ya Shemeji, ambaye alikuwa amekodolea kioo macho huku kiganja chake kikipapasa paja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akavaa hedifoni. Akazivua kwa vidole viwili.

"Nyumba hizi mmeziacha tupu muda gani?"

"Mrefu, mama. Tulikuwa tunaahirisha."

"Vitanda mmetandika, halafu mnashangaa. Lakini huyu hakuvunja mlango. Aliitwa. Nani alimkaribisha?"

Fundi akalikumbuka lile lango ambalo hawakulizima hata mara moja, si walipokuwa wakitengeneza mitambo, si walipokwenda kulala, si siku za mapumziko, na sauti yake nzuri ikiwa pale muda wote huo, mwaka baada ya mwaka, ikiuambia utupu kwamba usibishe hodi, ingia, hapa ni kwako.

"Mimi."

"Basi utamtoa wewe, kwa sauti ile ile. Na mji ubomolewe, asipate pa kurudi."

"Tukibomoa tunaanza upya," alisema Shemeji bila kugeuka, kwa adabu ya mwenye nyumba. "Watu wanasubiri."

"Wasubiri," alisema Fundi. "Mdogo wangu naye anasubiri."

Akawasha kipaza sauti, akasema, mimi niliyekukaribisha nakuaga, toka, hapa si kwako, akarudia, na kadiri alivyorudia ufagio ulizidi kasi, ukapanda ngazi, ukavuka uwanja, ukaja mpaka kwenye lango, mpaka akahisi njiti zake zikimpitia ndani ya sikio, na bado akasema toka huku Mama akimshika bega na mkono wa Fundi mwenyewe ukifuta mji mtaa kwa mtaa, mpaka kiganja cha Shemeji kikatulia juu ya paja.

Shemeji akatazama huku na huku. "Mke wangu yuko wapi?" aliuliza, akaanza kulia kama mtoto.

Kesho yake ofisi ilinuka kahawa tu. Fundi aliandika tangazo mwenyewe: tumelazimika kubomoa mji, tunaahirisha tena, tusameheni. Akajiandaa kutukanwa. Wakatukana, kwa ufundi mkubwa, naye akasoma akitabasamu, mpaka akafika kwa rubani mmoja mpole.

"Haya, tumewazoea," aliandika. "Ila ile zawadi yenu ya salamu, hiyo sauti ya kufagia inayokuja nayo naizimaje? Kompyuta nimeshaizima."

Chini yake wengine walikuwa wameanza kujibu kwamba hata kwao.