Risasi ya Njano

Nyumbani kwetu baba ndiye anakamua ng'ombe. Mama hakamui, mimi sikamui. Tuna ng'ombe watatu wa maziwa hapa Bukombe, na yule mwekundu ni mkorofi kweli. Ukimgusa wewe, anapiga ndoo teke. Akiguswa na baba, anatulia kama yuko kanisani.

Nimekosea. Baba ndiye alikuwa anakamua. Hiyo ilikuwa kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia.

Baba yangu anaitwa Clemens. Hajui kusoma, lakini vitu vyake anavijua. Alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, kairithi kwa babu. Leseni ilikuwepo, na polisi walikuwa wanaijua. Babu alimwachia neno moja tu: "Clemens, hii ni kumi na mbili." Baba akalishika neno hilo kama sala.

Mimi ni Evance. Shule niliacha kidato cha pili, nikakimbilia machimboni kutafuta dhahabu. Baba aliumia sana. Hakunipiga wala kunitukana. Ila akitaja shule tu, mimi nawaka.

Mwaka juzi mdogo wangu Agnetha alikuwa anapata kipaimara. Wageni wangekuja wengi, na baba aliahidi mchuzi wa kanga. Alikwenda wilayani akapata kibali cha kuwinda ndege. Tatizo likawa moja. Risasi zake zilibaki tatu tu, zile nyekundu.

"Kesho kutwa naenda Kahama," alisema baba. "Kuna duka lenye leseni. Nabeba kitabu changu cha bunduki, nanunua boksi moja."

"Kahama ya nini, baba? Kutwa nzima njiani," nikasema.

"Risasi hazinunuliwi gengeni, Evance."

Mama yangu, Evelina, alikuwa anachambua mchele. Akacheka. "Mwache mzee aende. Akirudi aniletee na kitenge."

Mimi sikutaka kusubiri. Ndivyo nilivyo, kusubiri kunaniwasha. Nikaenda machimboni kwa rafiki yangu Paschal. Paschal hakosi kitu. Ukitaka betri anayo, ukitaka buti anazo. Akaniletea risasi nne ndani ya soksi. Zilikuwa za njano.

"Mbona nyembamba?" nikamuuliza.

"We mshamba nini? Hizi ni ishirini. Za mzee wako ni kumi na mbili. Haya, ishirini na kumi na mbili, ipi kubwa?"

"Ishirini."

"Sasa je! Kanga akisikia mlio wa hii, anajinyonyoa mwenyewe."

Tukacheka sana. Alizitoa wapi, sikuuliza.

Jioni ile nikampa baba. Alizishika, akazigeuza. Alikunja uso.

"Hizi rangi gani?"

"Za kisasa, baba."

"Kahama umefika saa ngapi?"

"Kuna mtu kanipa. Kazinunua duka hilohilo." Huo ulikuwa uongo.

Baba akanirudishia moja mkononi. Akaniangalia.

"Umesoma?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Risasi ina maandishi ubavuni, na kwenye kitako chake cha shaba kuna namba. Baba alikuwa ananiuliza kama nimeyasoma yale maandishi. Mimi nikasikia shule. Nikasikia, wewe mtoto umesoma wewe?

"Baba, kila siku shule, shule!" nikafoka. "Ndiyo, nimesoma! Kidato cha pili kinatosha! Wewe umesoma mpaka wapi?"

Mama aliacha mchele. "Evance! Unaongea na nani?"

Baba alichukua zile risasi, akazitia mfukoni mwa koti pamoja na zile nyekundu.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kwenye kitako cha ile risasi kulikuwa na namba mbili tu, mbili na sifuri. Ningesoma kwa sauti, "ishirini", baba angesema, "Hapana, yangu ni kumi na mbili." Yangeishia hapo. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nalijua.

Asubuhi tukaenda mbugani, nyuma ya majaruba ya mpunga. Kanga walikuwepo, kundi kubwa, wanachakura. Baba aliinama nyuma ya kichaka. Akaifungua bunduki katikati, akaweka risasi. Nilimwona kwa macho yangu, aliweka ya njano. Akalenga. Akafyatua.

Ta! Mlio mdogo tu, kama kuvunja kijiti. Haikulipuka.

Baba akafungua bunduki. Akachungulia mahali pa kuwekea risasi. Patupu.

"Ajabu," akanong'ona. "Nilidhani nimeweka. Uzee huu."

Mimi nilijua ameweka. Lakini kanga walishaanza kutembea.

"Baba, wanaondoka! Weka nyingine! Haraka!"

Akatia mkono mfukoni. Safari hii akatoa nyekundu. Akaweka, akafunga, akafyatua.

Ule mlio sitausahau. Ulipiga pale pale mkononi mwake, haukwenda mbele. Mtutu ulipasuka kama ganda la ndizi. Baba alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Mkono wa kushoto, ule ulioshika mtutu, sikuweza kuuangalia.

"Evance," aliniita. "Wewe uko mzima?"

Hilo ndilo alilouliza.

Nilivua shati nikaufunga mkono kwa nguvu. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Bodaboda ikatupeleka hospitali. Madaktari walifanya walichoweza. Baba alibaki na kidole gumba na nusu ya kidole cha shahada.

Polisi walikuja wakachukua bunduki. Mimi nikasema kweli ya Paschal na ya soksi. Nililala mahabusu siku tatu. Mahakamani nikapewa kifungo cha nje, miezi sita nafagia kituo cha afya. Paschal alishakimbia, na hadi leo sijui yuko wapi. Agnetha alipata kipaimara baba akiwa wodini. Mchuzi wa kanga haukupikwa.

Baba aliporudi nyumbani, akaja afisa wanyamapori wa wilaya. Ni mwanamke, anaitwa Bi. Raudha. Ndiye aliyempa baba kibali.

"Shikamoo, Baba Evance."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Aliuangalia mkono wa baba, kisha akanigeukia mimi.

"Ndiyo wewe wa risasi za njano?"

"Ndiyo mimi."

"Njoo ukae hapa. Usiiname chini, sijaja kukufokea. Nimekuja ili ujue."

Akatoa maganda mawili matupu mfukoni, jekundu na la njano. Akaweka la njano ndani ya lile jekundu. Likaingia, likazama.

"Unaona? Hii namba ya kwanza ni upana wa mtutu. Namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Kwa hiyo ishirini ni nyembamba kuliko kumi na mbili."

"Paschal alisema ishirini ni kubwa."

"Paschal anahesabu viatu. Bunduki inakwenda kinyume."

Mama akaguna. "Sasa kwa nini haikulipuka mara ya kwanza?"

"Kwa sababu iliteleza, Mama Evance. Ilipita mahali pake, ikakwama mbele, ndani ya mtutu. Mzee alipofungua akaona patupu. Alipoweka nyekundu, njia ilikuwa imezibwa. Moto haukuwa na pa kutokea."

Baba alivuta pumzi. "Nilijilaumu. Nilidhani nimesahau kuweka."

"Hukusahau, baba," nikasema. "Niliona ukiweka. Nikakuharakisha."

Hilo sikuwahi kulisema. Wala polisi sikuwaambia. Baba alikuwa anaangalia yale maganda mawili.

Bi. Raudha akaendelea polepole.

"Ile ya ishirini viwanda vingi huifanya ya njano makusudi, watu wasichanganye. Lakini usiamini rangi peke yake. Soma kitako cha risasi, halafu soma na mtutu. Zikitofautiana, usiweke. Na zisikae mfuko mmoja."

"Na ukifyatua ikakataa?" nikauliza.

"Tulia. Mdomo wa bunduki uelekee pasipo na mtu. Hesabu polepole mpaka sitini. Fungua, toa risasi. Usipoiona, chungulia mtutu wote, kutoka nyuma. Lazima uone mwanga upande wa pili. Huoni mwanga, kazi imeisha siku hiyo, peleka kwa fundi wa bunduki."

Dakika moja tu, nikawaza. Kanga wangeondoka. Waondoke!

"Kuna na namba nyingine," alisema. "Kwenye boksi utaona nne, tano, sita. Hiyo ni ya goroli zilizomo ndani. Nayo inakwenda kinyume. Sita ni goroli ndogo, nne ni kubwa zaidi. Kwa kanga, ambaye ni mgumu, chukua nne au tano. Kwa kwale, sita."

"Si bora tu uchukue kubwa kabisa?" mama akauliza. "Ile ya fisi?"

"Ile yenye herufi, SSG? Hapana, mama. Goroli zake ni chache, kwale anapita katikati. Zinakwenda mbali, zinampata mtu anayepalilia mpunga wake huko. Na akipatikana ndege, utapika manyoya. Halafu mtazame na urefu, umeandikwa kwa milimita. Mtutu ukisema sitini na tano, usiweke ya sabini, hata kama inaingia."

"Namba zote hizo," baba akasema, "na mimi sijui hata moja."

"Ndiyo maana unanunua mwenyewe, dukani, na kitabu chako cha leseni. Muuzaji anasoma, unamwambia asome kwa sauti. Risasi ya kupewa haina mtu wa kuijibia."

Alipoondoka, nilibaki nimekaa. Nilitaka kuomba msamaha. Baba akasimama, akachukua ndoo kwa mkono wa kulia.

"Ng'wanone," aliniita, mwanangu, kwa Kisukuma chetu. "Twende. Ng'ombe wanalia."

Mambo hayakubadilika siku moja. Bunduki nyingine baba hakutaka. Ila habari ilizunguka, na wenye bunduki za leseni wakaanza kupita kwetu. Baba anawaonyesha mkono. Mimi nasoma.

Mwezi uliopita alikuja Mzee Maganga. Anakaa kijiji cha pili, naye alikuwa na kibali cha kwale. Bunduki kaifunga kwenye gunia, risasi ziko kwenye mkebe wa majani ya chai.

"Nimepita kusalimia tu," alisema. "Risasi zangu ni sawa, nimezizoea."

"Zimwage," baba akasema.

"Clemens, nawahi."

"Hata mimi niliwahi. Zimwage, Maganga."

Akazimwaga kwenye ungo. Nyekundu tano na ya njano moja.

Mzee Maganga akaiokota ile ya njano kama si kitu.

"Hii kaniachia shemeji yangu wa Isaka. Alikuja na bunduki yake, tukawinda wote. Nikasema itanifaa."

Baba aliniangalia. Hakuniangalia kwa ukali.

"Umesoma?"

Swali lilelile.

"Bado, baba," nikasema. "Ngoja nisome."

Nikaishika ile risasi, nikaigeuzia juani. Nikasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mbili. Sifuri. Ishirini." Nikainama kwenye mtutu wa Mzee Maganga, nikafuta vumbi kwa kidole. "Moja. Mbili. Kumi na mbili."

"Basi?" Mzee Maganga akauliza. "Si ndogo tu hiyo? Itaingia."

"Itaingia," baba akasema. "Ndiyo ubaya wake."

Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya ungo, pale penye risasi. Mzee Maganga aliuangalia ule mkono. Akaiangalia ile risasi. Akavua kofia yake, akakaa chini bila kuambiwa.

"Nilikuwa nakwenda na mjukuu," alisema.

Ile ya njano tuliifunga kwenye karatasi peke yake, akaipeleka polisi mwenyewe siku hiyohiyo. Zile nyekundu nilizisoma zote, moja moja. Namba sita, za kwale. Urefu ulikubali. Akaenda zake.

"Wabeja sana," alituaga, akishukuru kwa Kisukuma. Alirudi Jumapili na kwale wawili. Vidole vyake vyote kumi vilikuwepo. Nilivihesabu.

Watu huniambia, Evance, umeokoa mtu. Sawa. Lakini kila jioni naenda zizini na baba. Yule mwekundu bado hanipendi. Baba anakaa upande wake wa kulia, anakamua kwa mkono mmoja, anamsemesha ili atulie. Mimi nakaa upande wa pili, nakamua kwa mikono miwili. Ndoo inajaa polepole kuliko zamani, na mimi nasubiri.