Ukuta wa Mzee Hamudi

Asubuhi ile, nyumbani kwa Mujibu kando ya lambo, karibu na Lupaso, walikuwepo watu wazima wanne. Alikuwepo Mujibu mwenyewe, mkulima wa korosho. Alikuwepo mkewe Swaumu, aliyejifungua siku kumi na tisa zilizopita. Yeye alikuwa chumba cha nyuma pamoja na mtoto wao, Rukaiya. Alikuwepo Mzee Hamudi, fundi kutoka Newala, mjomba wake Mujibu. Wa nne alikuwa jirani yao Regina, mzaliwa wa Njombe, fundi sanifu wa maji.

Kutoka dirisha la chumba cha nyuma hadi ukingo wa lambo palikuwa na hatua tano. Zamani zilikuwa kumi na mbili. Kila msimu wa mvua ulikula sehemu ya ukingo. Kwa sababu hiyo, mwezi wa kumi, Mujibu alimwomba mjomba wake ajenge ukuta wa kuzuia udongo. Ukuta ulipendeza. Ulipigwa lipu mbele na nyuma, ukasuguliwa hadi ukang'aa.

Sasa ilikuwa Januari. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na ukuta ulikuwa umefanya tumbo kuelekea majini.

"Shikamoo, mzee," alisema Regina.

"Marahaba. Umekuja kukagua kazi yangu?"

"Nimekuja kuomba Mama Rukaiya atoke chumba kile."

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Au huko kwenu Njombe baridi inawatoa nje?"

"Kwetu baridi inatuingiza ndani, mzee. Kinachotutoa nje ni nyumba kuanguka."

Mujibu alicheka kidogo. Kati ya dirisha na ukuta, ardhi ilikuwa imepasuka. Alichutama akaingiza vidole viwili kwenye ufa. Vilizama vyote.

"Tuzibe ufa, tuongeze lipu," alisema Mzee Hamudi. "Miaka thelathini nimejenga visima vya maji ya mvua Newala. Hakuna hata kimoja kilichovuja."

"Nakubali, mzee. Kisima hakitakiwi kutoa hata tone," alisema Regina. "Lakini huu si kisima. Mvua inazama kwenye udongo ulio nyuma ya ukuta. Maji ya bati nayo yanamwagika hapo hapo. Hayana pa kutokea. Udongo unalowa, unakuwa mzito, unasukuma. Ukiongeza lipu, unazidi kuyafungia."

"Basi nitoboe matundu."

"Yangetobolewa wakati wa kujenga. Sasa ukuta umeshainama. Asisimame mtu yeyote chini yake."

Mzee Hamudi alimgeukia Mujibu. "Mpwa wangu, hapa nani anasema? Mimi au mgeni?"

Mujibu alitazama chini. Katika ukoo wao, neno la mjomba halikuvukwa.

Ardhini palisikika mlio mkavu, kama muhogo wa makopa unaovunjwa. Swaumu alitokea dirishani.

"Baba Rukaiya, dirisha hili halifungi tena. Jana lilifunga." Kisha akamtazama mzee. "Mjomba, kama chumba ni salama, njoo ulale humu wewe. Mimi na mtoto tutakaa barazani."

Mzee Hamudi alilisogelea dirisha. Fremu ilikuwa imepinda.

"Mtoe," alisema. "Mfunike vizuri. Apite mlango wa mbele."

Swaumu na mtoto walipelekwa kwa Regina. Adhuhuri ukuta ulianguka lamboni, ukachukua hatua tatu za ardhi. Zilibaki mbili. Hakuna aliyeumia.

Mvua haikuruhusu kujenga. Walifunika ukingo kwa turubai, wakachimba mfereji wa kuyaelekeza maji ya bati mbali na ukingo. Chumba cha nyuma hakikulalwa na mtu. Mwezi wa sita, Regina aliwasaidia kupata kibali cha kujenga kando ya lambo. Mhandisi akaja kupima.

"Tujenge wa aina gani?" aliuliza Mujibu.

"Ukuta wa saruji unafaa, ukiwa na msingi mpana, matundu, na kokoto nyuma yake," alijibu Regina. "Mteremko mdogo hauhitaji ukuta, nyasi zenye mizizi mirefu zinatosha. Lakini hapa ni wima, na katika wilaya yetu hii ya Masasi mawe hayajawahi kutuishia. Tujaze mawe kwenye vikapu vya waya. Maji yatapita katikati ya mawe, udongo utabaki."

Mzee Hamudi alipanga vikapu kwa mkono wake. Kila safu aliirudisha nyuma kidogo kuelekea upande wa nyumba. Nyuma yake aliweka kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kisha akajaza kokoto.

Januari iliyofuata mvua ilinyesha siku tano. Maji yalichuruzika kati ya mawe. Ukingo haukusogea. Siku ya sita, majirani walikuja kutazama. Mmoja wao, Halfani, alikuwa na kiwanja upande wa pili wa lambo.

"Mzee, mimi nijengee ule wa kung'aa," alisema. "Huu wako mpya unavuja kila mahali."

Watu walicheka. Mzee Hamudi alingoja wanyamaze.

"Nawaambia nyote mliopo," alisema. "Kwenye ukingo huu sijengi tena ukuta usio na njia ya maji, awe anayeniomba ni mpwa wangu au mtu mwingine. Halfani, ukitaka wa kung'aa, tafuta fundi mwingine. Na watoto wako uwalaze vyumba vya mbele."