Mwenye Nyumba ya Magurudumu

Jogoo aliwika chini ya karavani, na Joram alijua vizuri hawakuja na jogoo.

Alisimama kwenye nyasi zenye umande, Biblia kwapani, pumzi bado juu kwa kupanda mlima kutoka Muhoroni. Akainama, akachungulia kati ya magurudumu. Hapakuwa na kitu ila udongo mkavu na harufu ya manyoya yaliyoloa.

Mlango ukafunguliwa. Dorca, mkewe, akamtazama miguuni.

"Umevaa viatu saa ngapi?"

"Natoka kanisani sasa hivi. Si nilikuambia tuna kesha?"

"Kesha gani?" Alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa kabla hajaamka vizuri. "Si ulirudi usiku. Umelala hapo ukutani, miguu barafu, mpaka nikakufunika na leso yangu. Alfajiri umetoka na shoka."

Shoka pia hawakuwa nalo.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa themanini na saba. Bwana Harbhajan, tajiri wa malori pale Kisumu, alikuwa amenunua karavani kuukuu kadhaa akazipanga kwenye ukingo wa milima ya Nandi, ili watu wa mjini wanaokimbia joto la ziwa wazikodi kiangazi chote. Alitaka mtu wa kukaa huko azitunze. Joram, aliyekuwa akibanana na mkewe katika chumba cha mabati Obunga, alimshukuru Mungu kwa machozi. Kitanda, jiko la gesi, mapazia, upepo wa mlimani, na yote bila kodi.

Jioni walipohamia, Dorca alimuuliza jambo moja tu. "Baba, si leo tunalala wote?"

Kwao, mtu akifungua boma jipya huenda na jogoo na shoka, na usiku wa kwanza lazima alale pale na mkewe. Usiku huo ndio unaosema boma ni la nani. Joram aliyajua hayo tangu utotoni.

"Boma halina magurudumu," alimjibu. "Hii ni gari, Dorca. Na sisi tumeokoka."

Akashuka kwenda kesha, kwa sababu alikuwa amepangiwa kutoa ushuhuda, na ukweli usemwe, alipenda sana kusikilizwa. Hivyo ndivyo tunavyoanguka sisi tunaojiita watu wa Bwana. Tunaacha nyumba zetu wazi tunakwenda kuhubiri.

Tangu asubuhi ile, kila ukungu ulipopanda kutoka bondeni, shoka lilisikika likikata, taratibu, karibu, kama mtu anayechonga nguzo. Joram alizunguka karavani zote. Hapakuwa na kibanzi hata kimoja.

Dorca naye alianza kupika ugali na kuuweka kitandani, upande wa ukutani, halafu anakaa chini kusubiri. Alilelewa hivyo: mwanamke hali mpaka mwenye nyumba amalize. Na huyo mwenye nyumba hakumaliza kamwe. Ugali ulikauka, ukaota ukungu, Dorca akautupa, akasonga mwingine, akakaa chini tena.

"Kula, mke wangu," Joram alinong'ona.

"Mgeni," alijibu kwa heshima, bila kumtazama, "si unaona Baba bado anakula?"

Siku alipojaribu kumtoa kwa nguvu, yule mwanamke ambaye sasa mifupa ya mabega ilikuwa inahesabika alikuwa mzito mlangoni kama gunia la sukari lililolowa, na kila alipomvuta, kitu upande wa pili kilimvuta bila haraka, bila kuhema, mpaka Joram akaona vidole vinne vikididimia kwenye ngozi ya mkono wa Dorca na hakuna mkono ulioshika.

Harbhajan alikuja na trekta aivute karavani mpaka barabarani. Mnyororo ulikatika. Mzee alilala chali chini ya karavani, akatoka akipangusa mikono.

"Joram, mimi nafanya gari tangu kijana," alisema polepole. "Hii hapana gari tena. Magurudumu iko na mizizi."

Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, akaingia akiimba, akatoka kimya, na hakurudi. Ndipo Joram aliposhuka mpaka Kaloleni, Kisumu, kwa Mwalimu Shabani anayewasomea Kurani wenye majini. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wewe si ndiye yule anayetuhubiria sokoni kwamba tutachomwa?" Mwalimu aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimeshindwa."

"Ingia basi, tunywe chai. Hata mimi sijasema nitaweza."

Walifika mlimani mchana, ukungu umefunika kila kitu. Mwalimu alibisha hodi. Kinywa cha Dorca kilifunguka, sauti ikatoka, nene na tulivu.

"Karibu. Naona mgeni ameleta mgeni."

"Tumekuja kumchukua mtoto wa watu," alisema Mwalimu. "Ana mumewe."

"Usiku ule alikuwa wapi?"

Mwalimu alianza kusoma. Alisoma mpaka vikombe vikatetemeka rafuni, mpaka jasho likamlowesha kanzu, na alipopumzika sauti ikarudi palepale ilipoishia, wala haikuwa na hasira.

"Nimeleta jogoo. Nimeleta shoka. Nimelala. Boma langu halitakaa bila mtu. Mkimtoa huyu, wekeni mwingine."

Mwalimu alimvuta Joram nje. "Twende tukatafute wakubwa zaidi. Mombasa kuna watu."

"Mwangalie, Mwalimu. Atafika Mombasa?"

Midomo ya Dorca ilikuwa imepasuka. Macho yake yalikuwa kwenye sahani ya ugali mikononi mwake.

Joram alivua viatu. Akaingia, akakaa kitandani, akamwondolea ile sahani mikononi. Dorca alishtuka, akapepesa macho.

"Joram? Umerudi lini?"

"Sasa hivi. Nenda na Mwalimu, atakupa chakula huko chini."

"Na wewe?"

"Nitawafuata."

Mwalimu alimtazama, akamshika Dorca mkono. Dorca alivuka kizingiti mwepesi kama mtoto. Joram aliwaangalia dirishani mpaka ukungu ukaimeza leso ya mkewe.

Akafungua Biblia. Herufi aliziona zote, ila ulimi ulikataa kuzibeba. Nyuma yake, upande wa ukutani, godoro lilididimia taratibu.

"Mama," sauti ilisema, kwa upole wa mtu aliyechoka na kazi, "chakula kiko wapi?"

Joram, ambaye tangu aoe hajawahi kushika sufuria, alisimama akaanza kutafuta kiberiti.