Ukurasa Uliosema "Picha"

Kila siku baada ya masomo, Nakshi alipitia karakana ya kufuma kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuna daftari lililopita mikononi mwake likatoka bila ua au mstari wa rangi. Pale karakanani alikuwapo mjomba wake, mfumaji wa masweta, ambaye macho yalimfifia mwaka hadi mwaka mpaka giza likatanda kabisa. Hakuwa mtu wa kujihurumia. Alifuma kwa vidole na kutania kwa ulimi, na kwa yote mawili hakuwa na mpinzani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo unatembea kwa madaha. Kuna jambo."

Jambo lilikuwapo. Karakana ilikuwa imenunua mashine mpya, na mwalimu wa kompyuta alikuwa amewatengenezea tovuti ya maelekezo: namna ya kutunga uzi, kusukuma kigari kinachopita juu ya sindano na kusafisha mashine. Msimamizi wa karakana aliyaandika maneno, naye Nakshi, mwanachama wa klabu ya kompyuta, akapewa kazi ya kuipendezesha tovuti hiyo.

Akaipendezesha hasa. Herufi za kawaida aliziona hazina mvuto, kwa hiyo kila hatua aliiandika kwa mkono wake, kwa rangi ya kijivu hafifu juu ya waridi, maua yakizunguka pembeni, kisha akaibandika kwenye ukurasa kama picha. Shuleni walimsifu mpaka akavimba kichwa.

Simu ya mjomba ilikuwa na sauti inayosoma maandishi ya kwenye kioo. Mjomba aliifungua tovuti ile, akagusa hatua ya kwanza. Simu ikasema, "Picha." Akagusa ya pili. "Picha." Ya tatu pia, "Picha."

"Mpwa wangu," aliuliza, "hii ni tovuti au albamu ya harusi?"

Wafumaji walicheka. Nakshi hakucheka. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa kila mfumaji ataendesha mashine mpya peke yake, na atakayeshindwa atampisha mwingine. Mjomba alikuwa amekalia kiti kile miaka kumi na minane.

"Nitakusomea mimi," alisema Nakshi.

"Leo utanisomea. Kesho uko shuleni. Nataka kujisomea mwenyewe. Hii simu ina nini?"

Nakshi alijua jibu. Mwalimu alimwonya mapema kwamba ile sauti haioni maandishi yaliyo ndani ya picha, naye akapuuza ili asiharibu maua yake. Lakini wafumaji wote walikuwa wakimtazama.

"Simu yako imezeeka, mjomba," alisema. "Mpelekee fundi."

Kesho yake, Jumanne, alikuta kiti kitupu. Mjomba alikuwa ameshika fimbo yake na kwenda kwa fundi simu kwa miguu, jua la mchana likiwaka, kupitia barabara iliyochimbwa mitaro. Alirudi suruali imejaa vumbi na kiganja kimechubuka.

"Nimebusu lami kidogo," alisema. "Fundi anasema simu ni nzima kuliko yeye."

Nakshi alikitazama kile kiganja.

"Mjomba, simu haina kosa. Kosa ni langu. Mwalimu alinionya, sikusikia. Halafu nikakudanganya. Nisamehe."

Mjomba alijipangusa vumbi la suruali. "Uongo wako umeniuma kuliko jeraha hili," alisema hatimaye. "Lakini umeusema mwenyewe, nimekusamehe. Ijumaa bado haijafika. Tufanye kazi."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alidakia msimamizi. "Hata mimi mwenye macho, yale maandishi ya kijivu yamenitoa machozi. Nilidhani uzee umeshanipigia hodi."

Jumatano mwalimu alikaa na Nakshi kwenye kompyuta. Nakshi aliandika upya kila hatua kwa herufi za kawaida, kubwa, nyeusi juu ya nyeupe. Kila sehemu aliipa kichwa chake, na kila picha ya mashine akaiwekea maneno ya kuieleza. Kuyafuta maua kulimuuma, lakini aliyafuta.

Jioni mjomba alisikiliza. Simu ikasoma, "Hatua ya nne. Bonyeza kitufe chekundu."

"Kipi chekundu?" aliuliza mjomba, akipapasa vitufe. "Mbona vyote vina joto moja?"

Nakshi alicheka, kisha akafumba macho na kuipapasa mashine mwenyewe. Akaandika: "Bonyeza kitufe cha mviringo, cha mwisho kulia, chenye kishimo katikati." Alizirudia hatua zote hivyo hivyo, vidole vikitangulia na maneno yakifuata, mpaka Alhamisi jioni.

Ijumaa mjomba aliitwa wa mwisho. Alitunga uzi, akasukuma kigari, uzi ukakatika. Wafumaji wote waligeuka kumtazama. Nakshi alitamani kumkimbilia, akajizuia. Mjomba alirudi kwenye hatua ya tatu, akaisikiliza taratibu, akafunga fundo na kusukuma tena. Safu ya kwanza ikatoka, kisha ya pili, hadi ya kumi.

"Kiti ni chako," alisema msimamizi. Naye alikuwa akiifuata tovuti kwenye simu yake, miwani ikiwa bado mkobani.

Mjomba alimwita Nakshi karibu. "Kukosea kazi si aibu, mpwa wangu. Aibu ni kumsukumia mwingine kosa lako. Na ukimtengenezea mtu kitu, kaa naye umwone akikitumia, ndipo utakapojua kama kinamfaa." Akasukuma kigari mara moja. "Na yale maua yako?"

"Nimeyafuta yote."

"Rudisha moja, mahali ambapo halitamzuia mtu. Ila liandikie maneno, na mimi nilijue."

Jumatatu mjomba aliufungua ukurasa. Simu ikasoma maelekezo yote, na mwishoni ikasema, "Picha. Ua la njano lenye petali tano, limechorwa na mpwa wa mfumaji."

Mjomba aligusa pale pale, akalisikiliza tena.