Hesabu ya Ndege ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia unga wa mbao kwenye karakana ya baba, naye alinirushia maswali ya hesabu huku akipiga randa. Mara nyingi nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Ndiyo maana nyumbani waliniita Kikokotoo, nami nilitembea kifua mbele kama niliyeivumbua hesabu yenyewe.

Ijumaa moja mama alituma ujumbe. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi ya miaka miwili, mbali sana upande wa mashariki. "Kesho ndege inaondoka saa mbili asubuhi. Siamini!"

"Ngoja nimuulize inatua huku saa ngapi," alisema baba.

"Usimsumbue, baba, anafunga mizigo," nilidakia. "Kati ya viwanja hivi viwili ni kilomita elfu tano na mia nne. Ndege inakwenda kilomita mia tisa kwa saa. Safari ni saa sita. Mama atatua saa nane mchana!"

Mdogo wangu wa miaka saba alipiga makofi. Baba naye akamwahidi mwoka mikate kwamba angempelekea kabati lake saa tano, kabla ya kwenda kumpokea mama.

Jumamosi, saa nne kasorobo, nilikuwa napiga pasi gauni langu.

"Dada, mama ameshapanda ndege?" aliuliza mdogo wangu.

"Zamani! Karibu saa mbili sasa yuko angani."

"Mbona akipiga simu, kwake huwa giza limeingia na kwetu jua bado linawaka?"

Nusura niunguze gauni. Saa za kule zilitangulia za kwetu kwa saa tatu! Kule ilipokuwa saa mbili, kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Ukiongeza sita, mama anatua saa tano.

Nisiwafiche, nilitaka kunyamaza. Ningesema ndege imewahi, nani angejua? Kisha nikamfikiria mama amekaa juu ya sanduku lake, akichungulia kila anayeingia. Machozi yakanilengalenga. Nikatoka mbio mpaka karakanani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Baba, nimekosea! Nilisahau saa za kule. Mama anatua saa tano!"

Baba aliitazama saa, akanitazama mimi, akaitupa brashi ya vanishi. "Na uwanja uko mwendo wa saa nzima! Pandeni gari!"

Akampigia simu mwoka mikate. "Kabati litasubiri, ndugu yangu. Mke wangu hawezi kusubiri." Tulimsikia mteja akiangua kicheko.

Tulifika tukihema. Dakika chache baadaye mama akatokea, akisukuma mizigo.

"Mume wangu, hizo ni mvi au unga wa mbao?" aliuliza. Tulicheka mpaka askari wa mlangoni akageuka. Nilifurahi kupita kiasi, lakini moyo ulikuwa bado mzito, kwa hiyo nikamweleza mama yote palepale.

"Hesabu ikikosewa hufutwa ikaandikwa upya, mwanangu," alisema, akinivuta kifuani. "Siku nyingine uliza, hata kama unadhani unajua. Lakini ungelificha kosa lako, ningekaa hapa saa tatu nzima nikidhani mmenisahau. Hilo ungelifuta kwa kifutio gani?"

Nilimkumbatia tena, kisha nikabeba sanduku zito kuliko yote.