Maka ya Jioni

Gora la kitambaa ndilo lililowakutanisha. Zenaida Tacuri alikuwa amelibeba begani, akipenya umati wa soko la nguo la Gamarra saa ile maduka yanapofungwa na kila mtu anataka apite yeye kwanza. Alipogeuka kumfokea aliyemkanyaga, ncha ya gora ikafagia chupa zote za vidonge zilizopangwa juu ya toroli la Abdías Poma.

"Mama yangu! Samahani, kaka!"

"Usijali, malkia. Hapo juu hazikununuliwa tangu asubuhi. Labda huko chini zitapata bahati."

Zenaida akacheka, ingawa hakutaka. Alivaa sweta ya rangi ya maziwa na jinzi iliyonasa nyuzi za kila aina, na hereni ndogo za fedha zilimkaa vizuri mno. Mzuri alikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Lakini Abdías alichokiona kwanza ni macho, mekundu, yamezama ndani.

"Wewe hulali," akamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Macho yako. Unafanya kazi gani?"

"Nakata vitambaa kwa mashine. Oda za sikukuu za Julai zimetuangukia, basi nikijilaza tu, kichwa nacho kinaanza kukata."

"Hizo ni tezi zako za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Zimechoka, zinakupigia kengele usiku kucha. Chukua vidonge hivi vya mzizi wa ashwaganda asubuhi, na magnesiamu kabla ya kulala. Utanikumbuka."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Nimesoma lebo."

Zenaida akacheka tena, akanunua. Manyunyu ya Lima yalikuwa yameanza kuingia shingoni, kwa hiyo Abdías akammiminia glasi ya maka ya moto, kinywaji cha mzizi wa milimani, kutoka kwenye sufuria, nzito, yenye harufu ya mdalasini. Ilipoisha akamwongeza yapa, ile nyongeza ya bure ambayo muuzaji mwenye roho nzuri hamnyimi mteja. Na yapa hunywewa palepale, umesimama, mkimalizia maneno. Abdías akagundua jambo: yapa isipoisha, mrembo haondoki.

Tangu siku hiyo Zenaida akawa anapita kila jioni, na yapa ikazidi kukua hadi ikaipita glasi yenyewe. Walitaniana, wakagombana kuhusu mpira, wakagusana vidole kwenye glasi kana kwamba ni bahati mbaya. Akifika nyumbani, simu inalia.

"Umefika, malkia wangu?"

"Nimefika."

"Umevaa nini?"

"Mablanketi matatu na soksi za mjomba."

"Uuwi! Unataka kuniua."

"Lala, mjinga wewe."

"Lala wewe kwanza."

Lakini Zenaida hakulala. Abdías akambadilishia chupa, akamwongezea nyingine, akampa na vitamini za kutia nguvu, na macho yakazidi kuzama. Ukweli aliujua. Bibi yake kule Junín, ambako maka hulimwa, hakuruhusu mtu yeyote nyumbani aiguse baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa ilimchangamsha mtu hadi alfajiri. Abdías alijiambia kwamba glasi moja haina neno, huku akijua fika kwamba si moja. Akimwambia ukweli, Zenaida atapita moja kwa moja kwenda kupanda treni, na yeye atabaki na kupungiwa mkono tu. Basi akanyamaza, na aibu hiyo aliilalia mwenyewe.

Siku moja Zenaida akaja mchana, hana sweta, bado amevaa aproni ya karakana. Akaweka mfuko wa chupa juu ya toroli kwa kishindo. Wateja wawili wakasogea kusikiliza.

"Kisu kimepita juu ya mkono wangu, Abdías. Nilisinzia nimesimama. Kama si ile glovu ya chuma, ningekuja hapa bila vidole."

"Mungu wangu. Nionyeshe."

"Usiniguse! Nimetoka kwa daktari. Kanipima, tezi zangu ni nzima kabisa. Kasema vidonge hivi niviache vyote mpaka aniambie. Halafu kaniuliza jioni nakunywa nini. Nikamjibu kwa furaha, eti maka, ananipa mpenzi wangu. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Ulijua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kama maneno yake yote ya biashara. Akaumeza.

"Nilijua."

"Basi Magaly alisema kweli! Binamu yangu aliniambia, huyo hataki ulale, ukipona atamuuzia nani?"

"Si biashara, Zenaida! Nilitaka usimame hapa kidogo zaidi. Basi."

"Na mimi nilitaka kulala tu!"

Akaondoka. Mmoja wa wateja akarudisha chupa aliyokuwa ameishika, naye akaondoka.

Jioni Abdías akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kesho yake jioni akapiga, akapokea Magaly.

"Zenaida amelala."

"Saa hizi? Kweli amelala?"

"Fofofo. Au ndiyo unataka kumwamsha?"

Abdías akakata simu haraka, kwa kuogopa hata pumzi yake isisikike kule. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akalia machozi ya furaha na ya uchungu kwa pamoja. Hapo ndipo alipoamua. Hatapiga simu jioni tena. Na maka haitauzwa baada ya saa sita mchana, aje rais, aje nani.

Akalichana bango la tezi zilizochoka lililoning'inia kwenye toroli lake. Aliyekuja akilalamika hapati usingizi aliambiwa aende kwanza zahanati. Majirani zake wa vibanda wakamcheka, wakasema mapenzi yamempanda kichwani. Kila jioni sufuria ilikuwa kavu, toroli limenuna, naye akawa anauza vitana na soksi ili siku ipite. Hakurudi nyuma.

Siku moja, katikati ya mchana, simu ikaita.

"Kuna mama hapa karakana analalamika," sauti ya Zenaida ikasema bila salamu. "Eti umemnyima maka jana jioni, na pesa ameshika mkononi. Umerogwa?"

"Nimeapa."

"Kwa ajili yangu?"

"Mwanzo ilikuwa kwa ajili yako. Sasa nawaza na vidole vya watu wengine."

Mashine zikasikika zikinguruma nyuma yake.

"Jumapili mchana, bustanini," akasema. "Njoo mikono mitupu. Nikiona hata kidonge kimoja, narudi nyumbani."

Jumapili hiyo jua la Julai lilijitokeza, jambo la nadra Lima msimu huo wa baridi. Zenaida alivaa gauni la njano na koti la jinzi, na macho yake yalikuwa meupe, yametulia. Abdías alisahau kumsalimia. Wakaketi kwenye benchi, mabega yakigusana.

"Haya, sema. Nakusikiliza."

Akasema. Alieleza hofu yake, aibu yake, chumba anachotaka kukipanga, jinsi mama yake atakavyompenda. Aliongea akitazama nyasi mbele yake, kwa sababu akimtazama angeshindwa. "Kwa hiyo nakuomba uolewe na mimi, Zenaida. Sina kingine."

Kichwa cha Zenaida kikamdondokea begani, kizito. Alikuwa amelala.

Muuza maputo akaja akipuliza filimbi. Abdías akampungia mkono aondoke, kwa hasira kama anafukuza mwizi. Bega likafa ganzi, hakulisogeza. Jua likajificha, akavua skafu yake kwa mkono mmoja, akamfunika.

Zenaida alipoamka, shavu lilikuwa na alama ya kifungo cha koti la Abdías.

"Nimelala?"

"Kidogo."

"Ulikuwa unasema nini?"

Abdías, ambaye angeweza kumuuzia mtu yeyote chochote, safari hii hakupamba neno. "Nilikuomba uolewe na mimi."

"Lini?"

"Kabla hujaanza kukoroma."

"Mimi sikoromi!"

"Unakoroma, malkia."

Zenaida akacheka, akairudisha skafu mabegani, akakilaza kichwa palepale kilipokuwa.

"Ndiyo, nimekubali," akasema, macho ameshayafumba. "Sasa nyamaza, nimalizie usingizi wangu."

Akanyamaza.